Kulinda Njia ya Data ya RS-485 Dhidi ya Radi na Umeme wa Volti 220: Kinga Ipi Inafaa Goma?

Juu ya meza yangu ya kazi ipo chipu ya MAX485 yenye tundu mgongoni, dogo kama ncha ya kiberiti, na kando yake bodi ina masizi yaliyopanda hadi kwenye soketi ya kijani ya skrubu. Niliitoa kwenye mita ya umeme iliyokuwa ikipeleka vipimo kwa inveta ya sola, katika nyumba ya ghorofa moja huko Himbi, mtaa wa hapa Goma. Mwenye nyumba hakuwa na shaka yoyote. "Fundi, ni ile radi ya juzi," aliniambia. Nilimjibu, "Mama, radi ya mbali huua na kupita, haikai ikachoma bodi hivi." Tulipofuata waya hadi darini tukakuta msumari wa fundi seremala umetoboa bomba la plastiki ambamo waya wa data na waya wa volti 220 vilikuwa vimelazwa pamoja. Msumari huo ulikuwa umegusa nyaya zote mbili, na hapakuwa na kitu chochote kilichoukata umeme huo kwa muda ambao hakuna anayeujua.

Mita hiyo ilikuwa na kinga. Dayodi ya kubana volteji ilikuwepo pale ilipotakiwa kuwepo, ikiwa imeuzwa kama "kinga ya radi", na kwa kazi ya radi ilikuwa kinga halali. Haikutengenezwa kwa ajili ya msumari. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na bei wala jina la kifaa, bali na swali la muda: hicho unachokiogopa kitadumu sehemu ya elfu ya sekunde au kitadumu mpaka mtu apande darini?

Kinachovumiliwa na chipu yenyewe

RS-485 ni kiwango kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1983, na bado ndicho kinachounganisha mita, inveta, betri za lithiamu, pampu na mizani kwa sababu kinatumia waya mbili tu zilizosokotwa, A na B, na kinasoma tofauti kati yao badala ya kusoma volteji ya kila moja. Kipokezi kinaridhika na tofauti ya milivolti 200, waya unaweza kufika mita 1200 kwa mwendo mdogo, na vifaa 32 vya kawaida vinaweza kuning'inia kwenye jozi moja. Uhodari huo huwafanya watu wasahau kwamba waya zote mbili, zikipimwa dhidi ya waya wa pamoja wa bodi, zinapaswa kubaki kati ya volti 7 chini ya sifuri na volti 12 juu yake. Chipu ya MAX485, ambayo ndiyo imejaa kwenye bodi za bei nafuu, inatajwa na walioitengeneza kuwa kikomo chake cha mwisho ni volti 8 chini na volti 12.5 juu. Nafasi kati ya matumizi halali na kifo haifiki hata volti moja upande wa juu.

Upande wa pili wa mizani weka umeme wetu: volti 220, kilele chake volti 311, na kama waya mbili za fezi tofauti zimegusana na njia ya data, volti 380 zenye kilele cha karibu 537. Radi haihitaji kuigonga nyumba ili ishiriki. Mpigo unaojengwa na radi iliyopiga kilima cha jirani hupimwa maabara kwa umbo linaloelezwa na kiwango cha IEC 61000-4-5: volteji inayopanda kwa mikrosekunde 1.2 na kushuka hadi nusu kwa mikrosekunde 50, mkondo wake ukipanda kwa 8 na kushuka hadi nusu kwa 20, katika ngazi za kilovolti 0.5, 1, 2 na 4. Ni volteji kubwa mno, lakini kwa muda ambao jicho halipepesi hata mara moja.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini kinga ya radi haitoshi kwa umeme wa laini. Dayodi ya wati 600 iliyopimwa kwa mpigo wa milisekunde moja inameza nishati ya karibu nusu jouli, au kidogo zaidi. Chukua sasa dayodi hiyo hiyo inayobana kwenye volti 13, iguse umeme wa laini, na tuseme kwa ukarimu kwamba kuna kitu njiani kinachoruhusu ampea 1 tu. Hizo ni wati 13 mfululizo, kwenye kipande cha silikoni ambacho bila kipozeo hakivumilii hata wati 1 au 2. Itakufa kabla hujamaliza kusema jina lake, kwa kawaida kwa kuungana yenyewe kama waya, kisha mkondo mkubwa zaidi utaipasua, na ikishapasuka njia ya kwenda kwenye chipu inabaki wazi.

Vya kumwaga: mrija wa gesi, varista na dayodi

Vifaa hivi vitatu vinafanya kazi moja, yaani kuumwaga mkondo pembeni kabla haujafika kwenye chipu, na mafundi wengi huvichanganya kana kwamba ni majina ya kitu kimoja. Mrija wa gesi ndio wenye misuli kuliko vyote: kimrija kisichozidi punje ya mahindi kinabeba maelfu ya ampea kwa mpigo wa 8/20 (ule mkondo wa mikrosekunde 8 na 20), na kwa kuwa ni gesi tu kati ya sahani mbili, kinaongeza pikofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) moja au mbili tu kwenye njia, kiasi ambacho data haikioni. Kasoro yake ni uvivu. Mrija ulioandikwa volti 90 huwaka kwa volti 90 ikiwa volteji inapanda polepole, lakini mpigo unaopanda kwa kasi ya kilovolti moja kila mikrosekunde unaweza kufika volti mia kadhaa kabla gesi haijawaka. Chipu ya volti 12 ikisubiri peke yake nyuma ya mrija huo imeshakufa wakati mrija unaamka.

Dayodi ya kubana ni kinyume chake. Inaamka mara moja, na ile ya SM712 ilibuniwa mahsusi kwa RS-485, ikiwa na mipaka miwili isiyolingana, volti 7 upande wa chini na 12 upande wa juu, ili isiibane data yenyewe. Nguvu yake ni wati 400 hadi 600 kutegemea mtengenezaji, lakini kwa mpigo mfupi wa 8/20, ambao ni mwepesi kuliko ule wa milisekunde niliotumia kwenye hesabu ya juu. Jambo moja ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni kwamba neno "kubana" si neno la hakika: kwa mkondo wa ampea kumi na kitu volteji kwenye dayodi hiyo hupanda na kupita volti 20, ambazo MAX485 haikuahidi kuzivumilia. Ndiyo maana ninapendelea kuweka rezista ndogo ya ohm 10 au 20 kati ya dayodi na chipu, ili mabaki ya mpigo yagawanywe badala ya kuingia yote.

Varista, yaani rezista ambayo ukinzani wake hushuka volteji ikizidi, inakaa katikati, na kwa maoni yangu kwenye waya za data haina kazi ya maana. Uwezo wake wa kuhifadhi chaji hufika mamia au maelfu ya pikofaradi, inachakaa kidogo kidogo kila inapopigwa, na zile ndogo zinazobana chini kiasi cha kuifaa chipu hazina nguvu. Mahali pake ni upande wa laini ya umeme, kwenye kisanduku cha kuingilia, ambapo varista ya volti 275 inafanya kazi nzuri na inastahili kubadilishwa kila baada ya misimu michache ya mvua.

Sasa mpe kila mmoja wao msumari wa Himbi. Dayodi, tumeshaona. Mrija wa volti 90 unawaka, unazimika volteji ikipita sifuri, kisha unawaka tena, mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa kilele cha volti 311 kinauzidi kila nusu ya duru. Unapata moto mpaka risasi ya kuchomelea iyeyuke na mrija wenyewe udondoke kutoka kwenye bodi. Ukichagua mrija wa volti 470 hautawaka kwa umeme wa laini, lakini kwa radi utaachilia volteji kubwa zaidi, na kila kilicho nyuma yake lazima kiwe kimejiandaa. Hakuna kifaa cha kumwaga kinachoshinda pande zote mbili peke yake, na yeyote anayekuuzia kimoja kama jibu kamili anakuuzia nusu ya jibu.

Vya kuzuia: fyuzi inayojirudisha na kikatizi cha haraka

Nusu ya pili ni kitu kinachokaa ndani ya njia yenyewe na kukataa mkondo usipite. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni fyuzi inayojirudisha, kidonge cha plastiki yenye chembe za kaboni ambacho kikipata moto kinapandisha ukinzani wake ghafla, kisha kikipoa kinarudi karibu na hali yake. Maduka yanayouza vipuri vya simu na redio huwa navyo, na hapo ndipo kosa la kwanza linapotokea, kwa sababu vingi vimeandikwa volti 16, 30 au 60. Kidonge cha volti 60 kikikutana na volti 220 hakizuii. Kinaungua, na wakati mwingine kinawaka moto.

Zipo aina zilizotengenezwa kwa ajili ya laini za simu, zilizoandikwa volti 250, na hizo ndizo za kutafuta. Lakini soma mstari unaofuata kwenye karatasi yake: baadhi ya aina hizo zinaruhusiwa kukata mkondo usiozidi ampea 3. Ukiwa na kidonge cha ohm 10 na dayodi iliyojiunga nyuma yake, umeme wa volti 220 utaanza na ampea 22. Kwa hiyo kidonge peke yake hakitoshi, na unalazimika kuongeza ukinzani mwingine mbele yake mpaka jumla ifike karibu ohm 75, ambako mkondo wa kuanzia unashuka chini ya ampea 3. Nusu ya mafundi watakuambia kwamba ohm 75 kwenye kila waya itaua data. Kwa laini ya mwendo mkubwa yenye rezista za ohm 120 kila mwisho, za kumeza mwangwi wa ishara, wanasema kweli. Lakini mita na inveta nyingi hapa mjini zinazungumza kwa biti 9600 kwa sekunde, na biti moja kwa mwendo huo hudumu mikrosekunde 104, ilhali ishara hupita mita 100 za waya kwa nusu mikrosekunde hivi. Mwangwi unaorudi umeshatulia zamani kabla kipokezi hakijasoma. Kwa umbali wa ndani ya nyumba unaweza kuziondoa rezista za ohm 120, na zikishaondoka, ohm 75 hazidhuru kitu kwa sababu kipokezi chenyewe kina ohm 12,000 au zaidi.

Kikatizi cha haraka, ambacho kampuni ya Bourns inakiuza kwa jina la TBU, ni kitu cha daraja lingine. Ndani yake hakuna joto linalosubiriwa. Ni transista zinazofunga njia katika muda usiofika mikrosekunde moja pindi mkondo unapozidi kiwango chake, na aina ya volti 850 inaweza kuendelea kukaa na umeme wa laini mgongoni bila kuungua. Nyuma yake dayodi ndogo inatosha, kwa kuwa inapokea mkondo mdogo tu kabla ya mlango kufungwa. Mbele yake lazima uweke mrija wa gesi au varista ili mpigo wa radi usizidi volti 850, la sivyo kikatizi chenyewe ndicho kitakachokufa. Mpangilio huu wa watatu, mrija, kikatizi na dayodi, ndio pekee katika ulinganisho huu unaomshinda adui wa mikrosekunde na adui wa masaa kwa pamoja bila kubadilisha kitu chochote baadaye. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuupata Goma dukani. Unaagizwa, unasubiriwa, na unahitaji bodi ya kuuchomelea.

Transiva ngumu, na kwa nini sola inaipenda

Kati ya chipu dhaifu na ngome kamili kuna njia ya tatu, yaani kubadilisha chipu yenyewe (transiva, ile inayotuma na kupokea data). SN65HVD1785 inavumilia volti 70 chini na juu kwenye waya zake, na LTC2862 volti 60. Dhidi ya volti 220 hazina msaada wowote, na hapo ndipo wengi wanapozipuuza. Mimi naona wanakosea kwa sababu wanaangalia upande mmoja tu. Katika nyumba yenye sola, jirani wa karibu wa waya wa data si umeme wa laini bali ni betri ya volti 48, ambayo ikichajiwa hupanda kupita volti 54. Bisibisi ikiteleza, au mtu akichomeka kwenye tundu la inveta ile kebo ya antena ya intaneti inayobeba volti 24 au 48 kwa sababu vichwa vyao vinafanana, transiva ya kawaida inakufa papo hapo na ile ngumu inangoja tu kosa lirekebishwe. Nimeona kosa la kebo ya antena mara nyingi kuliko la msumari. Chipu hizi nyingi zina miguu minane iliyopangwa sawa na ile ya MAX485, ingawa yapasa kuangalia kama umbo la nje linalingana na bodi yako.

Utengano, na jiwe la Goma

Kila kifaa cha kumwaga kinaamini kwamba chini yake kuna ardhi itakayopokea. Goma imani hiyo ina matatizo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na sehemu kubwa ya tulipojenga tena ni juu ya jiwe hilo jeusi, gumu na kavu, ambalo halipitishi umeme vizuri. Fimbo ya shaba ya mita moja na nusu inagonga jiwe kabla haijafika nusu mita na kupinda. Nimekuta zaidi ya mara moja fimbo iliyokatwa kwa msumeno na kufunikwa mchanga, na mteja ameonyeshwa kichwa chake tu.

Chukua ardhi ya ohm 200, ambayo si ajabu kwenye jiwe. Umeme wa volti 220 ukimwagwa humo unapitisha ampea 1.1, na kikata umeme cha ampea 16 kitaendelea kulala usiku kucha. Radi ikisukuma humo ampea 1000 tu, hesabu ya karatasi inasema kichwa cha fimbo kitapanda hadi volti 200,000 dhidi ya ardhi ya mbali, na hata kama hewa na udongo vitapasuka kabla ya hapo, kinachobaki kinatisha. Nyumba mbili katika kiwanja kimoja, kila moja na fimbo yake, kwa muda huo mfupi hazina tena sifuri ya pamoja. Ukiwa umeweka dayodi nzuri kila upande, kila moja ikimwaga kwenye fimbo yake, basi umeifanya kebo ya data kuwa daraja ambalo ardhi mbili zinalitumia kusawazishana. Kinga yako ndiyo inayoukaribisha mkondo.

Utengano unakata daraja hilo. Chipu kama ADM2582E, au mpangilio wa zamani wa optokapla (kifaa kinachopitisha data kwa mwanga) na kigeuzi kidogo cha umeme, unapitisha data bila waya wowote wa shaba kuunganisha upande wa laini ya data na upande wa bodi, na kizuizi chake kinapimwa kwa kilovolti 2.5 kwa dakika nzima, vingine 5. Volti 220 zilizoingia kwa waya zote kwa pamoja zinabaki zikielea upande wa laini. Bodi ya inveta haioni kitu. Kwa mji wenye ardhi mbovu, hii ndiyo kinga ninayoitanguliza, kwa kuwa haimtegemei mtu aliyechimba shimo.

Ina mipaka miwili ambayo ni lazima isemwe. Ya kwanza, utengano haulindi A dhidi ya B, wala waya hizo dhidi ya sifuri yao ya upande wa laini: kama msumari umegusa fezi na A, na nyutro ikapata njia ya kufika B, transiva ya upande wa laini itakufa, ijapokuwa inveta yenye thamani itapona. Kwa hiyo SM712 bado inahitajika, ikimwaga kwenye sifuri ya upande wa laini na si kwenye fimbo. Ya pili ni ya uhai. Njia inayoelea yote, ikiguswa na fezi, inakuwa waya wa volti 220 ambao haukati chochote na hauonyeshi dalili yoyote, huku mita zikiendelea kusoma kama kawaida. Fundi atakayefungua soketi ya data mwezi ujao akiamini ni volti 5 atapigwa. Ndiyo sababu siweki njia iliyotengwa katika nyumba isiyo na kikata umeme cha tofauti cha miliampea 30, kile kinachoitwa kwa Kifaransa différentiel: hicho hakihitaji ardhi nzuri, kwa kuwa hata ampea 1.1 ya jiwe letu ni kubwa mara thelathini na zaidi kuliko kinachokisubiri. Lakini hakitaona kitu mpaka mkondo uvuje, na laini inayoelea haivujishi. Kwa hiyo kabla ya kugusa soketi, pima kila waya dhidi ya ardhi.

Huko Bukavu, ndugu zetu wana udongo mzuri kidogo lakini mbingu mbaya zaidi. Uchambuzi wa picha za setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa radi, mimuliko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Lubumbashi wana shida ya namna nyingine, kwa kuwa udongo wao hukauka miezi ya kiangazi na ardhi iliyopimwa vizuri mwezi wa Januari si ile ile ya Septemba.

Nichague kipi?

Kama vifaa vyote viko chumba kimoja, ukuta mmoja, inveta na betri na mita, usitumie pesa kwenye mrija wala utengano. Transiva ngumu, au SM712 yenye rezista ndogo mbele na nyuma yake, inatosha, na fedha iliyobaki ipeleke kwenye bomba la pili: waya wa data usilazwe kamwe na waya wa volti 220. Bomba hilo la plastiki lingeiokoa mita ya Himbi kwa gharama ndogo kuliko chipu yoyote niliyoitaja.

Waya ukivuka nyumba nzima na kupita darini karibu na umeme, hapo nachagua utengano upande wa inveta, SM712 upande wa laini, na fyuzi ya volti 250 pamoja na rezista zake kwenye kila waya. Ukiwa na uwezo wa kuagiza, weka kikatizi cha haraka badala ya fyuzi na rezista. Vitu vyote vinavyomwaga ndani ya nyumba hiyo, kuanzia varista ya kisanduku cha umeme, vifungwe kwenye upau mmoja wa shaba kwa waya mfupi. Nasema mfupi kwa sababu mita moja ya waya ina karibu mikrohenri 1 (kipimo cha jinsi waya unavyopinga mkondo unaobadilika ghafla), na mpigo unaopanda ampea 1000 kwa mikrosekunde unajenga humo kilovolti nzima ambayo dayodi haiwezi kuibana. Upau wa pamoja wenye ardhi mbovu unailinda nyumba kuliko ardhi tatu nzuri zisizojuana. Anayejenga upya na aweke waya wa shaba mtupu wa milimita za mraba 25 kuzunguka msingi kabla ya zege. Baada ya zege jiwe halitakupa nafasi ya pili.

Kati ya nyumba mbili, jibu langu limebadilika. Zamani niliweka mrija wa gesi kila upande na kuomba Mungu. Siku hizi naweka nyuzi za kioo na vigeuzi viwili, au redio ndogo kama umbali ni wa kuonana, kwa sababu kioo hakina shaba ya kubeba tofauti ya ardhi mbili. Kama mteja ameshazika shaba na hataki kuichimbua, basi utengano uwe pande zote mbili, mrija wa gesi wenye miguu mitatu kila mwisho ukifungwa kwenye upau wa nyumba husika, rezista nyuma ya mrija ili dayodi isiumie kabla mrija haujawaka, na ngao ya kebo ifungwe ardhini upande mmoja tu.

Baada ya dhoruba, zima kila kitu, chomoa soketi ya data, weka kipima-umeme kwenye alama ya dayodi, na pima A kisha B dhidi ya waya wa pamoja. Namba mbili zinapaswa kukaribiana. Upande mmoja ukisoma karibu na sifuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba SM712 imejiunga yenyewe, yaani imekufa ikiwa kazini. Fundi mwenye haraka huikata kwa koleo, data inarudi, na mteja anashukuru. Ibadilishe siku hiyo hiyo, au usiiwashe laini kabisa, maana wingu lijalo litaikuta chipu peke yake.